Mteja amenirudishia keki kwa sababu ya neno moja: "belated" linakaa wapi?

Mama_Keki_Umoja

Wadau, nisaidieni kabla sijachizi. Mimi huoka keki za oda nyumbani huku Umoja, na kesi kama hii sijaipata tangu nianze kazi.

Jumatano kuna dada alinipigia simu. Akataka keki ya kilo moja, vanila, krimu nyeupe, ya shosho yake. Shosho alikuwa ametimiza miaka 80 Jumanne ile, lakini wajukuu walikuwa kazini, wakaamua wamfanyie sherehe Jumamosi. Akaniambia, "Andika Happy Birthday Shosho, halafu uweke belated, maana siku itakuwa imepita." Hakusema iwekwe wapi. Nami nikaandika vile ninavyoona kwenye kadi na stetasi za watu: "Happy Belated Birthday Shosho."

Wanaooka wanajua maandishi ya krimu hayafutiki kama chaki. Ukikosea herufi unakwangua kwa kisu, krimu ya chini inachubuka, rangi inabaki doa, na mwisho unapaka uso mzima upya. Tena hiyo "Belated" ilinitesa tangu mwanzo. Uso wa keki ya kilo moja hauzidi sahani ya chapati. Mstari wa juu ulikaa vizuri, wa kati ikabidi niupunguze herufi mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

Jumamosi saa nne asubuhi kaka wa yule dada akaja na bodaboda, akaichukua. Saa sita kasoro keki ikarudi, jamaa jasho linamtiririka, na ujumbe kutoka kwa mjomba wao aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza. Eti nimeandika kwamba siku ya kuzaliwa ya Shosho ndiyo iliyochelewa. Shosho hakuchelewa kuzaliwa, waliochelewa ni wajukuu. Kwa hivyo isomeke "Belated Happy Birthday", na kwa kuwa kosa ni langu, nitengeneze bure.

Nimetengeneza. Nimekula hasara ya krimu na dakika 40. Lakini moyo umekataa kutulia. Hili neno maana yake hasa ni nini, na mahali pake ni wapi? Nilikosea kweli?

---

Jamaa_wa_Allsops

Kosa lako ni moja tu, hukulipwa zote kabla keki haijatoka mlangoni. Kiingereza ni cha mjomba.

---

BintiKasarani

Sasa mjomba anataka kutuambia Nairobi nzima tumekosea? Mimi hata "birthday" huwa naiacha. Naandika "Happy belated" na emoji ya keki, mtu anashukuru, maisha yanaendelea. Na kuna wale wa "happy belate", na wale wa "be lated" maneno mawili kama jina na la ukoo. Mjomba akifika kwenye stetasi zetu atalazwa.

---

Mwalimu_Chaki

Mama Keki, pole kwa hasara. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, na mjomba ninamwelewa. Hoja anayo. Njia aliyoitumia ndiyo mbovu. Keki si daftari la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

"Belated" ni kivumishi. Husifu kitu kilichofika baada ya wakati wake kupita. Zingatieni hapo: *kilichofika*. Pongezi ulizopaswa kutoa Jumanne ukazitoa Jumamosi, hizo ni belated. Ambazo hujatoa mpaka leo haziitwi hivyo. Tena neno hilo siku hizi haliambatani na mtu. Mwanafunzi akiingia darasani saa tatu badala ya saa mbili, ni late. Ukisema ni belated, watu watakutazama. Linapenda vitu ambavyo watu hutoa au hupeana: salamu, shukrani, zawadi, msamaha, heshima, jibu la barua.

Kilichochelewa katika keki yako ni nini basi? Ni zile heri. Siku ya Shosho ilifika Jumanne kama ilivyopangwa. Kwa mantiki hiyo kivumishi kikae karibu na pongezi zote kwa jumla, ndiyo "Belated Happy Birthday", au kwa urefu zaidi "belated birthday wishes", ambayo haina mgogoro wowote.

Sasa tazameni Kiswahili kinavyomaliza kesi hii bila kelele. Andika:

Heri za siku ya kuzaliwa zilizochelewa.

Kisha andika:

Heri za siku ya kuzaliwa iliyochelewa.

Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Katika sentensi ya kwanza *zi* inazishika heri, heri ndizo zilizochelewa. Katika ya pili *i* inaishika siku, na hapo kweli unamwambia Shosho alichelewa kuzaliwa. Kiingereza hakina kamba hizo za kufungia kivumishi kwa mwenyewe. Kinategemea nani ameketi karibu na nani, kama watu kwenye matatu. Ukimketisha "belated" ubavuni mwa "birthday", macho yanawaona ni mke na mume hata kama hawajuani.

---

BintiKasarani

Mwalimu hiyo ya zi na i umeniweza. Shule ilikuwa ni kukariri tu "ki-vi, li-ya", hakuna aliyetuambia inafanya kazi.

---

Mpangaji_Roysambu

Mwalimu, nisaidie na hili. Mwenye nyumba wangu hutuma ujumbe tarehe 6 ya kila mwezi: "Your rent is overdue." Kwani hawezi kuandika belated? Ingekuwa na adabu zaidi.

---

Mwalimu_Chaki

Ndugu Mpangaji, akiandika belated utakuwa umeshalipa! Overdue ni kitu kilichopitisha tarehe na bado kinangojwa. Kodi ilipaswa kufika tarehe 5, leo 6, mfuko mtupu, hiyo ni overdue. Ukilipa tarehe 12, malipo yako yatakuwa belated, ingawa kwa pesa watu husema tu late payment. Mama mjamzito aliyepitisha tarehe aliyopewa kliniki naye ni overdue. Akishajifungua, neno hilo linamtoka siku hiyo hiyo.

Ukitaka kuyaona maneno haya mawili yamesimama pamoja, nenda katikati ya jiji, pale Mtaa wa Kimathi unapokutana na Mama Ngina. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa na Waingereza gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ilizinduliwa pale tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili. Heshima ile ilichelewa nusu karne, lakini ilifika, unaweza kuigusa kwa mkono. Hiyo ni belated. Mifupa yake je? Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba miaka na miaka apewe amzike mumewe, akafariki mwaka 2023 hajamzika. Hiyo ni overdue. Kutoka kwenye sanamu hadi kwenye kaburi lisilojulikana ndiyo tofauti ya maneno haya mawili, na mimi darasani sijawahi kuhitaji mfano mwingine.

Kuna na ule wa Uingereza. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni London akasema serikali yake inajutia mateso waliyopata watu wakati wa hali ya hatari hapa Kenya, iliyoanza 1952. Wazee 5,228 wakatengewa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Majuto belated, hakuna ubishi. Kwa wengine wanaosema kujuta si kuomba msamaha, msamaha wenyewe bado uko overdue.

---

Jamaa_wa_Allsops

Nilikuja kucheka keki, sasa nimenyamaza.

---

Karani_wa_Chama

Ngoja niwarudishe kwenye kicheko kidogo. Mimi ni karani wa chama chetu, wanawake 14, tunakutana kila Jumapili ya pili ya mwezi. Sheria yetu, ukifika baada ya saa nane unatozwa shilingi 200. Siku moja tulikuwa tunatafuta mkopo, kumbukumbu zetu zikatakiwa kwa Kiingereza. Nikaketi, nikaandika kwa fahari: "The late members shall pay a fine of 200 shillings."

Mweka hazina akasoma kwa sauti mbele ya wote. Kimya. Kisha mama mmoja akauliza, "Sasa hao marehemu tutawadai vipi? Tuende Lang'ata tuwapigie hodi makaburini?" Mkutano uliishia hapo, watu wamelala chini kwa kicheko, na mimi jina la "Karani wa Marehemu" halijanitoka.

Kwa hivyo "late" nayo ni kisu chenye makali kuwili. Unaweza kuikosea kwa mtu aliye hai.

---

Mwalimu_Chaki

Karani, umenifurahisha. Late ikitanguliwa na "the" au "my" kisha jina la mtu au cheo cha ujamaa, ni marehemu: my late father. Ungeandika "members who come late", au "latecomers", ungesalimika. Sisi Wakenya tena tumeongeza letu, tunasema "he is late" tukimaanisha amefariki, na kuna Waafrika wengine wa kusini wasemao hivyo. Mwingereza wa London akisikia hivyo anatazama saa.

Late yenyewe asili yake katika Kiingereza cha kale ilikuwa "mzito, mwenye kwenda polepole". Marehemu letu ni la Kiarabu, maana yake aliyerehemewa. Hayati nalo limetoka kwenye neno la uhai. Kwa hiyo Mwingereza anasema mtu wake amechelewa, sisi tunasema amehurumiwa. Kila mmoja na msiba wake.

---

Konda_Mstaafu

Kivumishi cha kuchelewa Nairobi ni kimoja tu: "Niko karibu." Nimefanya kazi Thika Road tangu kabla haijapanuliwa. Abiria anapiga simu tuko Githurai, mbali bado, anasema "niko Pangani hapa, naona hata taa." Jirani yake anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

---

Mtu_wa_Amu

Salaam aleikum wanangu. Mimi ni mzee wa Amu, yaani Lamu, naishi South C kwa binti yangu, na huu uzi kanionyesha mjukuu. Nina la kuongeza, kwa kuwa naona mwasema belated kama neno geni sana, kumbe lina ndugu yake hapa nyumbani.

Kuchelewa mwajua limetoka wapi? Limetoka kwenye *kucha*. Kumekucha, usiku kucha. Mtu akikusudia kuondoka usiku, na alfajiri ikamkuta bado yuko kitandani, amechelewa: kumemchea yeye, mapambazuko yamemwahi. Mvuvi wa kwetu hangoji saa ya ukutani, anangoja maji. Maji yakitoka naye atoke. Akifumbua jicho akaona mwanga dirishani na ngalawa za wenziwe zimeshakuwa nukta, huyo ndiye aliyechelewa wa asli.

Na upande wa pili wa siku liko *kuchwa*, jua kuzama. Wengine husema kutwa, ndiyo mwapata "shule ya kutwa" na "kushinda kutwa". Mtu akiwa safarini, jua likamzamia njiani kabla hajafika, husemwa amechwewa, au amechwelewa. Neno hilo vijana wa leo hawalitumii, lakini bibi yangu akilitumia kila siku: "Rudini mapema msije mkachwewa huko mashamba."

Sasa Mwalimu, wewe wakijua Kiingereza. Hilo belated halina habari ya usiku ndani yake?

---

Mwalimu_Chaki

Mzee wangu, shikamoo. Umenitoa kijasho, kwa sababu linayo!

Belated ni "late" iliyopachikwa "be-" mbele, kiambishi kile kile cha befriend na besiege, kikawa kitenzi cha kumchelewesha mtu. Katika karne ya 17 maana yake mojawapo ilikuwa hiyo uliyoisema: mtu aliyekutwa na usiku njiani. John Milton alilitumia hivyo katika *Paradise Lost* ya mwaka 1667, akimtaja mkulima aliyekawia njiani usiku akawaona vinyamkera wakicheza kando ya msitu. Mkulima yule hakuchelewa mkutano. Alichwewa. Sijui kwa nini miaka yote niliyosimama darasani sikuwahi kuliweka neno hilo la bibi yako ubaoni, lingekaa kama kofia ya mtu mwenyewe.

Baadaye maana ya usiku ikafifia, neno likaacha watu likahamia kwenye vitu: barua, salamu, heri. Lina mwenzake, benighted, nalo lilianza kwa msafiri aliyefunikwa na giza. Hilo sasa hutumika kwa mtu aliye gizani kiakili. Msafiri wa belated angalau aliishia kwenye keki.

Oneni basi. Mwingereza kachelewa njiani, giza limemwangukia. Mswahili kachelewa kitandani, jua limemchomozea. Na ukifikiri, kila mmoja kaogopa kinachotokea kwake. London mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, msafiri asiyejihadhari atalala porini. Sisi tulio jirani ya ikweta jua linakuja na kwenda karibu saa zile zile mwaka mzima, ndiyo maana hata saa yetu tunaanza kuihesabu kutoka mapambazuko. Saa moja ni saa ya kwanza ya jua. Anayechelewa kwetu ameikosa hiyo.

---

Mtu_wa_Amu

Marahaba, mwanangu. Ila usiseme Mswahili kachelewa kitandani ukanyamaza hapo, watu watatusema zaidi ya wanavyotusema sasa. Sema alikuwa anasali.

---

Jamaa_wa_Allsops

😂😂😂 Mzee ameokoa jahazi.

---

Wakili_Bila_Kesi

Sawa, tumejifunza mengi, lakini naomba kumtetea mshtakiwa, maana mnamwacha Mama Keki akinyongwa kwa ustaarabu.

Mwalimu anasema belated imeketi karibu na birthday kwa hiyo inasomeka kama siku ndiyo iliyochelewa. Je, "sleepless night"? Usiku ndio uliokosa usingizi? Usiku haulali hata siku moja, aliyekosa usingizi ni mtu. Kiswahili nacho kinafanya hivyo hivyo. Tunasema "usiku wa mashaka", "safari ya majuto". Safari haijuti, anayejuta ni msafiri. Lugha zote zina ruhusa ya kuihamisha sifa kutoka kwa mwenyewe hadi kwa kilicho jirani yake, na msikilizaji hakosi njia.

"Happy belated birthday" ni hivyo. Wanaosoma keki ile walielewa nini? Kwamba wajukuu wamechelewa. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Shosho akifikiri alikaa tumboni miezi kumi na minne. Kadi zimechapwa hivyo, watu wanaandikiana hivyo, na desturi ikishakuwa ya wengi hivyo huacha kuwa kosa.

Tena kuna suala la mkataba. Mteja alisema "uweke belated". Hakusema wapi. Fundi alifuata desturi ya soko. Mjomba hakuwa mteja. Naomba krimu irudishwe na gharama.

---

Mwalimu_Chaki

Wakili, hapo kwenye sleepless night umenibana, na sitajifanya sikusikia. Ni kweli, na mimi mwenyewe mwanafunzi akiandika "happy belated birthday" katika barua ya kirafiki simkati alama. Katika barua rasmi ningemwandikia pembeni. Kwenye keki nisingethubutu kusema lolote, ningekula.

Ila usiseme zinalingana kabisa. Moja ina mantiki *na* desturi, nyingine ina desturi peke yake. Mama Keki akiulizwa siku nyingine, aandike ile yenye vyote viwili, asiwape wajomba nafasi.

---

Mkaazi_wa_Eastleigh

Wakuu, mimi ni Mtanzania nafanya biashara huku. Nauliza kitu kimoja, mbona hakuna aliyeshauri keki iandikwe Kiswahili? Sisi nyumbani mtu akipitwa na siku ya mwenzake hatafuti kivumishi. Anasema tu, "Samahani nimechelewa, hongera sana kwa kuongeza mwaka." Kosa analibeba mwenyewe, halibebeshi salamu.

---

Mtu_wa_Amu

Huyo kasema. Na kwetu Idi ikipita siku mbili tatu hujaonana na mtu, waenda tu kumpa mkono wa Idi. Hauitwi mkono uliochelewa. Na pole ya msiba hivyo hivyo, hata ukirudi safari ukasikia baada ya miezi, waenda, waketi, watoa pole yako, na wenyewe wanaipokea kama ya siku ya kwanza. Mambo mengine hayana siku ya mwisho.

Ila kuna methali ya upande wa pili, nisije nikawapa kibali cha uvivu: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

---

BintiKasarani

Mzee kabla hujaenda, kukawia na kuchelewa ni kitu kimoja?

---

Mtu_wa_Amu

La. Kukawia ni kutumia muda mrefu. Kuchelewa ni kupitwa na muda uliowekwa. Mamako akikutuma sokoni bila kukuwekea saa ukashinda huko mpaka adhuhuri, umekawia, hujachelewa. Kwetu twaongeza na kulimatia, nalo ni kukaa sana mahali. Ndiyo maana husemwa "kawia ufike". Hakuna anayesema "chelewa ufike".

---

Mpangaji_Roysambu

Kwa hiyo nikimwambia mwenye nyumba kodi haijachelewa, imekawia tu...

---

Konda_Mstaafu

Mwambie iko Pangani.

---

Mama_Keki_Umoja

Wadau, nimerudi. Nimesoma yote, nyingine nimesoma mara mbili unga mkononi. Mwalimu na Mzee, asanteni. Wakili, nikifungua duka nakuajiri.

Sasa sikieni yaliyojiri. Jana yule dada alinipigia mwenyewe, si kaka wala mjomba. Alitaka kuomba radhi kwa fujo la Jumamosi, tena akanitumia pesa ya krimu kwa M-Pesa bila mimi kuomba. Nikamwambia, hii ni belated lakini imefika, akacheka.

Halafu akaniambia jambo ambalo mjomba hakulitaja. Keki ilipofika mezani mara ya pili, mmoja wa vitukuu akamsomea Shosho maandishi, "Belated Happy Birthday." Shosho akauliza hilo neno la mwanzo ni nini. Wakamweleza, ni kwamba siku yako ilikuwa Jumanne, sisi tumekuja Jumamosi, tumechelewa.

Shosho akawauliza, Jumanne nani kawaambia?

Wakamwambia iko kwenye kitambulisho. Akasema kitambulisho kiliandikwa na karani aliyemtazama usoni, akamuuliza alitahiriwa rika gani nduguye mkubwa, akahesabu kwa vidole, akaandika. Siku yeye haijui. Mwezi hata haujui. Anachojua aliambiwa na mamake, kwamba alizaliwa mahindi yakiwa yamefika kiunoni na mvua imekatika ghafla, na mkunga alikuja amelowa magoti kwa umande, kwa hivyo ilikuwa asubuhi.

Mjomba akawa hana la kusema. Akakata kipande chake akaenda kukila nje.

Wiki ijayo kuna oda nyingine kutoka kwa familia hiyo hiyo, ya binamu yao. Safari hii wanataka Kiswahili. Nimejaribu "Heri za siku ya kuzaliwa zilizochelewa" kwenye karatasi ya kuokea, haitoshi hata keki ya kilo mbili. "Zilizochelewa" peke yake inakula mstari mzima na inapinda ukingoni. Nimewaambia nitaandika "Heri za juzi", wamekubali.

---

Mtu_wa_Amu

Kwa hivyo yule bibi hakuchwewa wala hakuchelewa. Alizaliwa kumekucha.

---

Dada_wa_Pipeline

Samahani, nimechelewa kwenye uzi. Keki ya nusu kilo bila mayai ni pesa ngapi, na mnaleta hadi Pipeline?